Joto Alilolijua Mke Wangu

Mara ya kwanza joto lile liliponishika nilikuwa kanisani, wakati wa matangazo. Feni zote zilikuwa zinazunguka. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na akina mama wengine walikuwa wamejitanda vitenge mabegani kwa ubaridi. Ghafla nilihisi kama mtu ameniwashia jiko kifuani. Moto ukapanda shingoni, ukafika usoni, jasho likanitoka mpaka kola ya shati ikalowa. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Nikamshika mke wangu mkono, nikamnong'oneza, "Mwalimu, moyo wangu."

Aliniangalia mara moja, akaniangalia tena, halafu akacheka. Alijifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakawa yanamtikisika.

"Si moyo," alisema kwa sauti ya chini. "Tulia, litapita. Hilo joto nalijua mimi. Lilinianza nikiwa na miaka thelathini na saba."

Likapita kweli. Aliendelea kunipepea kwa karatasi ya ratiba ya ibada mpaka tukasimama kuimba. Hakujua kwamba maneno yake yale yalinishtua kuliko moto wenyewe. Kulikuwa na jambo kuhusu joto lake ambalo mimi nililijua na yeye hakulijua, na nilikuwa nimelinyamazia karibu miaka thelathini.

Sisi ni watu wa Tukuyu. Nilikuja Mtwara nikiwa kijana kuendesha kreni bandarini, nikajiapiza kwamba nitakaa miaka miwili tu, nikakaa mpaka nikastaafu. Mke wangu alinifuata akiwa mwalimu mpya, akapangiwa shule ya msingi kule Madimba, enzi hizo Madimba ni mikorosho na mihogo tu. Alifundisha hesabu huko miaka mingi sana. Mpaka leo ukitembea naye sokoni utasimamishwa na watu wazima wenye mvi, wanainama kidogo na kusema, "Shikamoo Mwalimu." Mimi nami humwita Mwalimu. Yeye huniita Baba. Mungu alitujalia binti mmoja, ambaye anaishi Dodoma na familia yake.

Mwaka juzi nilikutwa na saratani ya tezi dume. Nilitibiwa Dar es Salaam, nikawa nachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Daktari alitueleza, mimi na mke wangu tukiwa tumekaa mbele yake, kwamba saratani hii hupata nguvu kutokana na homoni za kiume, na sindano hiyo kazi yake ni kuzizima. Alieleza mambo mengine mengi, lakini mimi sikusikia mengi baada ya neno saratani. Mwalimu ndiye aliyesikia. Ndiye aliyekuja kunikumbusha baadaye kwamba daktari alisema nitapata joto kama la mwanamke aliyekoma hedhi, na kwamba wapo wanaume ambao baada ya sindano hizo hulalamika akili kuwa nzito.

"Alisema wapo watafiti walioona kwamba homoni zikiondoka, kusahau kwa uzeeni kunaweza kuja upesi," aliniambia. "Wengine hawakuona hivyo. Akasema nikuangalie."

Basi akaniangalia. Aliichukua kazi hiyo kama kituo kipya cha kazi. Kila asubuhi tukikaa barazani kunywa chai na mihogo ya kuchemsha, aliniuliza maswali yake.

"Baba, leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Jana tulikula nini?"

"Ugali na mchicha."

"Nani alikuja hapa juzi?"

"Katibu wa mtaa."

"Vema," alikuwa akisema, kwa sauti ileile ya darasa la tatu, kisha anajimiminia chai.

Sikupenda. Mtu aliyenyanyua makontena angani miaka yote hiyo bila kumwangushia mtu hata msumari, leo anaulizwa jana alikula nini. Lakini niliogopa pia, kwa hiyo nilijibu. Siku moja niliiacha simu yangu ndani ya jokofu, juu ya sahani ya dagaa. Mwalimu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, halafu akampigia binti yetu kumsimulia. Kuanzia hapo binti naye akawa ananitumia ujumbe kila jioni: Baba umemeza dawa? Baba umefunga geti? Macho yote yalikuwa kwangu.

Ndiyo maana hatukuona mengine. Mwalimu alikuwa anapoteza miwani yake mara tatu kwa siku, nikasema ni uzee. Alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, nikasema ana mawazo juu ya ugonjwa wangu. Alinisimulia habari ya harusi fulani asubuhi, akanisimulia tena mchana kwa maneno yaleyale, na nakumbuka nilijisikia vibaya, nikajiuliza kama mimi ndiye niliyekuwa sijamsikiliza.

Jumamosi moja alikwenda Madimba kumtembelea rafiki yake. Huyo ni mama mkulima wa korosho, Mwislamu, jirani wa shule aliyokuwa anafundisha. Walikuwa marafiki tangu wote wawili wasichana, na watoto wa yule mama wote walipita darasani kwa Mwalimu. Mchana simu yangu ikaita.

"Shemeji," alisema yule rafiki, "njoo umchukue Mwalimu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Lakini usimtume mtu. Njoo mwenyewe."

Nilikodi bajaji mpaka Madimba, njia nzima nikijiambia labda ameteguka mguu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani kwa rafiki yake, mkoba ameupakata mapajani kwa mikono miwili. Aliponiona alisimama kwa haraka.

"Baba, afadhali umekuja," alisema. "Wamekata mikorosho yote ya kule mbele. Wamejenga madude ya chuma, na uzio, na mataa. Nani amewaruhusu? Mbona hatukuambiwa?"

Niliangalia kule alikokuwa anaonyesha. Ulikuwa mtambo wa kuchakata gesi, uliokuwapo pale miaka mingi. Mwalimu alikuwapo ulipojengwa. Yeye ndiye aliyekuwa anarudi nyumbani nywele zimejaa vumbi la malori na kunisimulia jinsi watoto walivyokuwa wanakimbilia dirishani kila mtambo mkubwa ulipopita. Yeye ndiye aliyenieleza mimi bomba linaanzia wapi na linakwenda wapi.

Nilisema, "Tutauliza, Mwalimu."

Yule rafiki akaniita nyuma ya nyumba kana kwamba ananionyesha magunia ya korosho. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Tangu afike ameniuliza mara tatu mume wangu yuko wapi," alisema. "Mara tatu nimemwambia alishafariki. Na mara tatu amelia, shemeji. Analia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi. Wakati siku ya msiba yeye ndiye aliyenishika nisianguke."

Nilishika ukuta.

"Limeanza lini?" aliniuliza.

"Mimi ndiye ninayesahau," nilisema. Ndilo jibu pekee lililonijia.

"Nani kakwambia?"

Njiani kurudi Mwalimu alikuwa mzima kabisa. Alimuuliza dereva wa bajaji kwao ni wapi, akamtajia wanafunzi aliowahi kuwafundisha wa kijiji hicho, mmoja baada ya mwingine, na hakukosea hata mmoja. Jumapili aliimba nyimbo zote bila kufungua kitabu. Nikaanza kujifariji kwamba lilikuwa jua tu, au njaa.

Jumanne asubuhi tulikaa kwenye chai. Akauliza, "Baba, leo ni siku gani?"

Sijui nini kilinisukuma. Nilisema, "Alhamisi."

"Vema," alisema.

Alimaliza chai yake, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Akina mama hukutana Alhamisi.

"Nachelewa," alisema, akiwa anatafuta viatu.

Nilikaa pale na kikombe mkononi. Miezi yote ile nilidhani ananipima. Kumbe alikuwa anauliza. Siku ya leo aliipata kutoka kinywani mwangu, na chakula cha jana, na mgeni wa juzi. Alikuwa anakusanya kwangu kila asubuhi yale yaliyomponyoka, halafu anaanza nayo siku.

"Mwalimu," nilisema. "Leo ni Jumanne."

Akasimama na kiatu kimoja mguuni. "Unanitania."

"Sikutanii."

Alikitoa kitambaa kichwani polepole, akakikunja mara mbili, akakaa. Hakuniangalia.

"Mbona umenidanganya?"

"Nilitaka kuona."

"Umeona?"

"Nimeona."

Halafu akasema, "Mimi nimelijua siku nyingi, Baba. Nilidhani nikiwa ninakuuliza wewe, hakuna atakayeniuliza mimi."

Wiki ileile tulikwenda hospitali hapahapa mjini. Tulionwa na daktari mwanamke, kijana, mpole, ambaye alitoa shikamoo kwanza kabla hajashika kalamu. Alimtajia Mwalimu maneno matano ayakumbuke. Akamwambia atoe saba kutoka mia moja, na aendelee kutoa saba kila mara. Mwalimu alitoa saba mpaka daktari mwenyewe akamwambia inatosha. Lakini alipoambiwa achore saa, namba zote kumi na mbili alizipanga upande mmoja, zimebanana kama watu wanaokimbia mvua. Na yale maneno matano, alibaki nalo moja. Nikaomba nami nipimwe. Nilisahau neno moja, yakabaki manne.

"Wewe mzee kwa sasa uko salama," daktari alisema. Sikuwahi kusikia habari njema iliyoniumiza namna ile.

Akaanza kumuuliza Mwalimu historia yake. Presha, sukari, kuanguka, wazazi wake walifariki wakiwa na umri gani. Kisha akauliza, "Mama, hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita," Mwalimu alisema. "Nilitolewa kizazi. Nilikuwa na uvimbe, natoka damu miezi mitatu mfululizo."

"Vile vifuko vya mayai viliachwa?"

"Viliachwa. Walitoa kizazi tu."

Daktari akaandika. "Joto la ghafla, kukosa usingizi, vilianza lini?"

"Haikupita hata mwaka. Walisema ni malaria."

Daktari akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Mama, una hakika viliachwa? Kwa kawaida vikiachwa, joto lile halitakiwi kuja mapema kiasi hicho."

Mwalimu akanigeukia. Uso wake ulikuwa hauna wasiwasi wowote. "Baba ndiye aliyeongea na daktari siku ile. Baba, si viliachwa?"

Siku ile, miaka hiyo yote iliyopita, upasuaji ulifanyika katika hospitali ya mkoa mwingine. Alikuwa amelala ndani, tumbo limefunguliwa, daktari akatoka na gauni lake la kijani akaniita pembeni. Akaniambia uvimbe umeshika na vifuko vya mayai, pande zote mbili, na haoni namna ya kuviacha. Nikatia sahihi nikiwa nimesimama. Akaniambia mambo mawili ambayo nayakumbuka mpaka leo. Kwanza, kwamba mwili wa mke wangu utaingia uzeeni ghafla, kwa hiyo awe anaonwa na daktari kila mara, zipo homoni anazoweza kupewa za kufidia. Pili, akasema, "Mweleze mwenyewe, akipata nguvu."

Mwalimu alipoamka, midomo imekauka, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Bado mimi ni mwanamke?" Nikasema ndiyo. Tulikuwa na mtoto mmoja tu na alikuwa anataka wengine watatu. Alikililia kizazi kile kama watu wanavyolilia maiti. Nikajiambia, msiba mmoja unatosha, wa pili nitamwambia baadaye. Na nilikuwa na woga mwingine. Kaka zangu kule Tukuyu walikuwa wameanza kuniuliza nitabaki na mtoto mmoja mpaka lini. Niliona jambo hili likijulikana litapata miguu mpaka kwao, waanze kunitafutia mke mwingine. Karatasi ya hospitali nikaificha kwenye kabati langu bandarini. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Joto likamwanza, akawa anaamka amelowa, anakasirika kwa jambo dogo, anasahau chaki nyumbani. Nikampeleka kupima malaria. Nikakaa naye kwenye benchi la maabara nikijua kabisa si malaria, na nikanyamaza.

"Baba?" Mwalimu alirudia.

"Havikuachwa," nilisema. "Vilitolewa vyote."

Daktari hakuinua macho. Mwalimu aliendelea kuniangalia kama anayesubiri nimalizie sentensi, na sentensi ilikuwa imekwisha.

Nikamgeukia daktari kwa sababu sikuweza kumwangalia mke wangu. "Hilo ndilo lililomletea haya?"

"Sijui," alisema. "Na hakuna daktari atakayekuambia kwa hakika." Alieleza polepole, akiwa anamwelekea Mwalimu na si mimi. Alisema vifuko vile ndivyo vinavyotoa homoni ya kike iitwayo estrojeni, na kwamba homoni hiyo haifanyi kazi kwenye uzazi peke yake, inasaidia na ubongo pia. Kwa wanawake wengi hupungua taratibu wakiwa karibu na miaka hamsini, na ukungu wa kusahau wanaoupata wakati huo mara nyingi hupita. Lakini anayepoteza vifuko vyote akiwa bado kijana, asipewe homoni za kufidia, watafiti wameona anaweza kuwa kwenye hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa kusahau uzeeni. "Wapo wengi waliotolewa na akili zao ni nzima mpaka leo," alisema. "Na wapo ambao hawakuguswa kabisa na wamesahau majina ya watoto wao. Presha yako, mama, iko juu, nayo inahesabika. Kuna damu ya ukoo. Tutapima na mambo mengine, maana kuna kusahau kunakotibika."

"Kama ningejua," Mwalimu alisema, "ningepewa hizo homoni?"

"Pengine ungepewa. Ungekuwa na nafasi ya kuuliza."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kwenye bajaji alisema maneno matatu tu, akiangalia barabarani: "Miaka yote hiyo." Tulipofika nyumbani alihamishia nguo zake kwenye chumba alichokuwa analala binti yetu. Alipika, akaniwekea sahani mezani, akaenda kula chake nyuma ya nyumba. Siku nne hatukusemeshana. Hata maswali ya asubuhi hakuniuliza. Nilimwona akitoka na kuuliza siku kwa jirani, juu ya ukuta.

Siku ya tano alikuja barazani, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Baba," alisema, "nimekukasirikia."

"Najua."

"Mimi pia najua. Nalisikia hapa." Aliweka kiganja kifuani. "Lakini silikumbuki. Nimekaa tangu asubuhi natafuta umenifanya nini, silioni. Niambie."

Nakiri kwamba sikujibu mara moja. Nilikuwa nimefunguliwa mlango. Ningeweza kusema lolote. Ningesema nilimjibu vibaya mbele ya jirani, nikaomba radhi, na jioni angerudisha nguo zake chumbani. Angekuwa na amani. Nilijiambia kwamba kumwambia tena ni ukatili, kama vile rafiki yake wa Madimba alivyolazimika kumtangazia kifo cha mume wake mara tatu kwa siku moja. Halafu nikatambua kwamba maneno hayo nilikwishajiambia zamani, kando ya kitanda cha hospitali, kwa sauti ileile ya huruma.

Niliingia ndani, nikafungua sanduku la bati, nikatoa ile karatasi. Nilikuwa nimeihamisha kutoka bandarini siku niliyostaafu. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma Kiingereza kile cha daktari kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mahali akasimama.

"Vyote viwili," alisema.

"Vyote viwili."

"Kwa hiyo ile malaria."

"Haikuwa malaria."

"Nilikunywa dawa chungu mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na wewe ulikuwa unanishikia kikombe."

"Ndiyo."

Aliivua miwani. Nilitamani anitukane, au anipige, lakini alifikiri tu, kama alivyokuwa akifikiri juu ya mtoto aliyekataa kuelewa.

"Uliogopa nini?" aliniuliza.

"Uliniuliza kama bado wewe ni mwanamke, nikasema ndiyo. Nikaona nikikueleza hili lingine, nitakuwa nimesema hapana."

"Ulikuwa mjinga."

"Nilikuwa mjinga."

"Usikubali upesi hivyo ili tumalize," alisema. "Hatujamaliza."

Akaniagiza nimletee daftari na kalamu. Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa zilizosimama wima. Akachana ukurasa, akaubandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo kila anayelifungua lazima auone. Umeandikwa hivi: Nilitolewa kizazi na vifuko vyote viwili nikiwa na miaka thelathini na sita. Mume wangu alijua. Mimi sikujua. Sasa nimeambiwa. Chini akatia sahihi yake.

"Sitaki nikuulize tena," alisema. "Wala sitaki wewe uwe unaamka kila siku unaamua kama utaniambia."

Vipimo vilirudi. Hakukuwa na kile kitu kinachotibika ambacho tulikuwa tunakiombea. Ni mwanzo wa ugonjwa wenyewe, daktari alisema, na unakwenda taratibu. Anameza dawa ya presha, anatembea kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na ameambiwa asiache kuimba wala kukaa na watu. Kuhusu homoni za kufidia, daktari alisema kwa umri wake sasa hazishauriwi kwa ajili ya kusahau. Wakati wake ulikuwa zamani. Alilisema kwa upole, lakini lilinigonga kama nyundo. Mimi bado nachomwa sindano zangu.

Binti yetu alikuja kutoka Dodoma. Mwalimu hakuniachia mimi nimweleze. Alimpeleka mpaka kwenye kabati, akafungua mlango, akamwambia, "Soma." Binti alisoma, akatoka nje, akanikuta nafagia majani. Alisimama mbele yangu mdomo wazi, kama anayemwona mtu mgeni uani kwao.

"Baba," alisema mwishowe, "na mimi umenificha nini?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Siku mbili alinipitia tu. Siku ya tatu alikaa nami, akanidai nimweleze kila kitu tangu ule uvimbe ulipoanza, akaandika kwenye simu yake, maana naye ana miaka arobaini na mbili na ameshaambiwa ana uvimbe mdogo. Alisema hatatoka mbele ya daktari yeyote bila kujua kinatoka nini na kinabaki nini. Kisha akamwomba mama yake wahamie wote Dodoma, apate mtu wa kumwangalia.

"Dodoma siijui," Mwalimu alisema. "Nikipotea hapa, watu wananijua."

Binti alilia, lakini hakubisha.

Na Mwalimu alikuwa amesema kweli. Wiki iliyopita alitoka kwenda kununua nazi, akachelewa. Nilikuwa navaa viatu nimfuate nilipomwona anakuja na mwanamume mtu mzima, amevaa ovaroli ya kazi, amembebea mfuko. Walikuwa wanaongea kama watu waliokutana njiani kwa bahati. Alipofika getini yule bwana alinisalimia, akasema, "Mwalimu alinifundisha Madimba. Nilikuwa napita tu, mzee." Baadaye jirani aliniambia kwamba yule bwana alimkuta Mwalimu amesimama njia panda karibu na bandari, mbali kabisa na soko, hajui ageukie wapi, akashuka kwenye bodaboda na kutembea naye kwa miguu mpaka nyumbani.

Yule bwana alipoondoka, Mwalimu aliniuliza, "Yule ni nani?"

"Anasema ulimfundisha Madimba."

"Alikuwa anajua hesabu?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Basi alikuwa hajui," alisema, akachukua mfuko wa nazi, akaingia jikoni.